Wanyama wa Maabara na Maradhi ya Watoto Wachanga

Katika maradhi yote yanayomfika binadamu, ni machache yanayomtia tabibu katika mashaka kama maambukizi ya bakteria kwa mtoto aliyezaliwa jana au juzi, kwa maana mgonjwa huyo hana ulimi wa kueleza panapomuuma, joto la mwili wake huenda lisipande bali likashuka, na dalili ya kwanza, ambayo aghalabu ndiyo ya pekee, ni kwamba ameacha kunyonya, jambo ambalo nyumbani huweza kudhaniwa kuwa ni usingizi tu. Saa chache baadaye bakteria walioingia katika damu wamekwisha kufika mapafuni au katika utando wa ubongo, na mtoto aliyekuwa mzima alfajiri huwa mahututi magharibi. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kwamba katika mwaka 2022 watoto milioni 2.3 walifariki duniani kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na maambukizi yalikuwa miongoni mwa sababu kubwa za mauti hayo, pamoja na kuzaliwa kabla ya wakati na kukosa pumzi katika saa ya kuzaliwa.

Maswali yanayomkabili mtaalamu ni mepesi kuyauliza na mazito kuyajibu. Bakteria hupita mlango gani hata wakaingia katika damu ya mtoto? Na kwa nini, katika watoto wawili waliozaliwa na mama wawili wenye bakteria wa aina moja, mmoja huugua na wa pili akakua kana kwamba hakuguswa? Ili kuyajibu kwa yakini ingempasa mtaalamu achukue damu kila baada ya muda mfupi, apime ini, wengu na ubongo, na zaidi ya yote aijue saa hasa ambayo maambukizi yalianza. Lakini mtoto mwenye uzito wa kilo tatu ana damu isiyozidi sana robo lita katika mwili wake wote, njiti wa kilo moja hana hata nusu ya hiyo, na kumtia mtoto maradhi kwa makusudi ili achunguzwe ni dhuluma isiyokubaliwa na sheria wala dini yoyote. Ndiyo maana watafiti wamegeukia wanyama, na hasa wanyama wachanga.

Wachanga, nasema, wala si wazima, kwa kuwa mtoto mchanga si mtu mzima aliyepunguzwa kimo, na somo hilo utabibu ulilipata kwa gharama kubwa. Mwaka 1956 huko New York, daktari William Silverman na wenzake walipolinganisha dawa za kuwakinga njiti na maambukizi, waliona kwamba watoto waliopewa penisilini pamoja na dawa ya jamii ya salfa walikufa kwa wingi kuliko wale waliopewa dawa nyingine, na bongo za wengi wao zilikuwa zimekolea rangi ya manjano. Miaka mitatu baadaye, mjini Los Angeles, ilibainika kwamba njiti waliopewa kloramfenikoli ili kuwakinga walikufa zaidi kuliko wasiopewa dawa yoyote. Walivimba tumbo, wakageuka rangi ya kijivu, kisha moyo ukashindwa, kwa kuwa ini la mtoto wa siku hizo halijapata nguvu ya kuivunja dawa ile. Habari ya salfa ilikuja kufumbuliwa kwa msaada wa ukoo mmoja wa panya wenye umanjano wa kurithi, waliogunduliwa Kanada katika miaka ya 1930: walipopewa dawa hiyo wangali wadogo, ile rangi ya nyongo ilibanduliwa kutoka kwenye protini inayoibeba katika damu, ikaingia katika ubongo, sawasawa na ilivyokuwa kwa wale watoto wa New York. Lau panya hao wangalichunguzwa kwanza, baadhi ya makaburi hayo yasingalichimbwa. Ila historia haikwenda hivyo.

Kwamba mnyama mchanga aweza kutoa ilimu isiyopatikana kwa njia nyingine, hilo lilikuwa limethibitika hata kabla ya hapo. Mwaka 1892, huko Berlin, Paul Ehrlich aliwazoesha panya wadogo weupe sumu za mimea miwili ambayo hata kwetu pwani yajulikana, yaani sumu ya mbegu za mbarika na ile ya mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri, akiongeza kipimo kidogo kidogo hata wakawa hawadhuriki nazo. Kisha akawaozesha. Akaona kwamba baba aliyezoeshwa hakuwarithisha wanawe kinga yoyote, ilhali mama aliwarithisha. Na ili kujua kama kinga ile ilitoka tumboni au chuchuni, akawabadilisha watoto, mwana wa mama asiye na kinga akanyonyeshwa na mama mwenye kinga, na yule mwingine kinyume chake. Mtoto aliyezaliwa bila kinga akaipata kwa kunyonya. Ni jaribio lililohitaji vyombo vichache na fikra nyingi, nami sijui la kuliweka mbele yake kwa uzuri katika fani hii nzima.

Hata hivyo hapo hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana maziwa ya panya hayafanyi kazi ile ile ifanywayo na maziwa ya mwanamke. Mwanadamu humpa mwanawe sehemu kubwa ya kingamwili za damu kupitia kondo la nyuma, na nyingi zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba, ndiyo sababu njiti huzaliwa akiwa fukara wa kinga. Kingamwili anazozipata baadaye katika maziwa ya mama humlinda zaidi katika njia ya chakula kuliko kuingia katika damu yake. Panya hupewa baadhi akiwa tumboni, na nyingine huzinyonya kwa siku nyingi, nazo hupenya utumbo zikaingia katika damu. Ng'ombe, kondoo na nguruwe hawapewi karibu chochote kabla ya kuzaliwa, bali hutegemea dang'a la siku ya kwanza, hata ndama aliyelikosa huwa hana silaha. Mtafiti anayetaka kujua jinsi chanjo ya mama itakavyomlinda mwana hana budi kuyajua haya kabla hajafungua tundu la mnyama yeyote, kwa kuwa mnyama ni shahidi ambaye ushahidi wake haukubaliki mpaka ijulikane alikuwa amesimama wapi.

Wala si kinga tu. Panya mdogo huzaliwa baada ya siku takriban 20, mwenye uzito wa gramu moja na kitu, bila manyoya, macho yake yakiwa bado yamefumba mpaka wiki ya pili. Ni mnyama aliyezaliwa mbichi, na kwa hiyo siku zake za kwanza aghalabu hulinganishwa na hali ya mtoto njiti. Nguruwe hubebwa tumboni siku 114, na mtoto wake anayetolewa kwa upasuaji kabla ya wakati huwa na uzito unaokaribia wa njiti wa binadamu, akaweza kuwekwa katika joto la kiangulio, kulishwa kwa mpira na kutiwa sindano ya mshipa kama mgonjwa wa wodini. Huko Denmark watafiti wamejenga kwa njia hiyo elimu nyingi juu ya utumbo wa njiti na maambukizi yanayotokea humo. Msomaji Mwislamu asishtuke: hapa hakuna anayeliwa. Kima, ambao mimba yao hufanana na yetu kuliko wengine wote, hutumiwa kwa nadra, kwa gharama kubwa na kwa vikwazo vingi zaidi.

Kisa kilicho kamili kuliko vyote ni cha bakteria aitwaye streptokoki wa kundi B. Huyu alijulikana na madaktari wa mifugo kabla ya kujulikana na wakunga, kwa kuwa mwaka 1887 Wafaransa Nocard na Mollereau walimweleza kuwa ndiye aambukizaye kiwele cha ng'ombe na kuyaharibu maziwa. Amepatikana hata kwa samaki, na kwa ngamia wa Kenya na Somalia. Kwa mwanamke huweza kukaa katika njia ya uzazi bila kumdhuru wala yeye kujua. Katika miaka ya 1930, katika Taasisi ya Rockefeller huko New York, Bibi Rebecca Lancefield alizipambanua streptokoki kwa makundi ya herufi, kisha akaendelea kuwachambua wale wa kundi B kwa aina, kufuatana na ganda la sukari linalowazunguka. Aliwachanja sungura, akachukua ute wa damu yao, akawadunga panya wadogo, ndipo akawaambukiza. Na panya waliopata kingamwili za ganda lile lile walinusurika, ilhali wengine walikufa. Kazi hiyo ilikuwa ya uvumilivu wa ajabu, nayo ilikaa miaka mingi kama elimu ya maabara tu, kwa sababu wakati huo bakteria huyu hakuhesabiwa kuwa adui mkubwa wa watoto.

Ilipofika miaka ya 1970 hospitali za Marekani zikaanza kumwona kila mahali, katika damu na katika uti wa mgongo wa watoto wa siku chache. Mwaka 1976 daktari Carol Baker na mwenzake Dennis Kasper walionyesha kwamba mama waliozaa watoto wagonjwa walikuwa na upungufu wa kingamwili za ganda la aina ya tatu, na mama waliobeba bakteria yule yule lakini wakazaa watoto wazima walikuwa nazo kwa wingi. Yale yaliyosemwa na panya wa Lancefield yalithibitishwa na damu ya wanawake. Hapo ndipo hoja ya kumchanja mjamzito ilipozaliwa, na mwaka 1988 Baker na wenzake wakatangaza matokeo ya kuwachanja wajawazito 40. Ganda tupu lilipoonekana kuwa haliamshi kinga ya kutosha kwa kila mama, likafungamanishwa na protini ya pepopunda, ile ile iliyomo katika sindano wanayoijua wajawazito wetu wote, na namna ya kulipima ikawa hii: panya jike huchanjwa, hushika mimba, huzaa, na watoto wake huambukizwa kwa kipimo cha kuua. Wakinusurika, chanjo imepita mtihani wa kwanza. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya chanjo ya aina sita za bakteria huyu iliyojaribiwa kwa wajawazito 360 nchini Afrika Kusini. Ingali katika majaribio.

Katika muda huo njia nyingine ilikwisha kupatikana, nayo haikungoja panya. Mjini Chicago, mwaka 1986, ilitangazwa kwamba katika watoto 85 wa mama wenye bakteria huyo waliopewa ampisilini wakati wa uchungu hakuna hata mmoja aliyeonekana na bakteria katika damu, ilhali katika watoto 79 wa mama wasiopewa walionekana watano. Ni dawa njema palipo na maabara ya kumpima kila mjamzito na muuguzi wa kumtundikia dripu kwa saa kadhaa kabla ya kuzaa. Lakini mama anayefika zahanati kwa bodaboda mtoto akiwa karibu kutoka haimfai kitu, wala haimsaidii yule ambaye mimba yake imekwisha kuambukizwa kabla ya uchungu. Na huyo si mtu wa kufikirika. Katika mwaka 2016 watafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walieleza kwamba kati ya wajawazito karibu 8,000 waliopimwa, takriban 12 kwa kila 100 walikuwa na streptokoki wa kundi B, na wakampata bakteria huyo hata katika watoto waliozaliwa wafu.

Kilichobaki kuwa udhaifu wa majaribio ya panya katika kisa hiki ni mlango wa maradhi. Mtoto wa binadamu huambukizwa kwa maji ya uzazi aliyoyavuta au katika njia ya kuzaliwa, ilhali mtoto wa panya mara nyingi hudungwa bakteria tumboni kwa sindano, tena kwa wingi. Kwa upande huo, majaribio ya bakteria wa pili, yaani E. coli mwenye ganda la K1, yana insafu zaidi. Mwaka 1974 John Robbins na wenzake walionyesha kwamba takriban wanane katika kila kumi ya E. coli waliotolewa katika maji ya uti wa mgongo wa watoto wachanga walikuwa na ganda hili, lililoumbwa kwa sukari inayofanana na ile iliyomo katika ubongo wa mtoto mwenyewe, hata walinzi wa mwili wakampita adui wakimdhania ni mwenyeji. Watoto wa panya wakubwa wa maabara hupewa bakteria hao kinywani tu. Mtoto wa panya akiwa na umri wa siku mbili, bakteria hukaa katika utumbo wake, huvuka wakaingia katika damu, wakafika ubongoni. Akiwa na siku tisa, bakteria hao hao hukaa katika utumbo wake, naye akaendelea kunyonya kwa raha. Juma moja tu limempa ute mzito wa kuufunika utumbo, na uhai. Huko London watafiti walikwenda mbele wakawatibu watoto hao wa panya kwa kimeng'enya kinachomvua bakteria ganda lake bila kumuua. Naye akiisha kuvuliwa, mwili wa mtoto humtambua ukammaliza wenyewe. Tiba hiyo haijafika wodini, lakini imeonyesha waziwazi kwamba nguvu ya adui huyu imo katika vazi lake.

Sasa na tuje kwenye ugomvi, kwa maana elimu isiyo na ugomvi hufaa kutiliwa shaka. Mwaka 2013 kundi moja la watafiti huko Cincinnati lilidai kwamba kinga ya mtoto mchanga si mbovu, bali imezuiliwa kwa makusudi na chembechembe changa za damu nyekundu, ili bakteria wema wapate kufanya makazi katika utumbo bila vita. Walipozipunguza chembechembe hizo katika panya wa siku sita, panya hao walipambana na bakteria kwa nguvu zaidi. Ilikuwa rai ya kupendeza, nayo ilienea haraka. Miaka miwili baadaye James Wynn na wenzake wakaijaribu kwa njia nyingine, si kwa bakteria wa aina moja bali kwa mchanganyiko wa vijidudu vya utumbo uliotiwa tumboni mwa panya wachanga, na vifo havikupungua hata kidogo. Nani mkweli? Kwa maoni yangu wote wawili, kila mmoja katika maradhi aliyoyatengeneza; kosa ni la anayesoma kichwa cha habari tu na kuandika kwamba siri ya watoto wachanga imefichuka.

Kosa kama hilo lina gharama wodini. Katika miaka ya 1980 na 1990 watoto wa panya walioambukizwa streptokoki wa kundi B walinusurika kwa wingi walipoongezewa kingamwili kutoka damu ya watu wazima, na vivyo hivyo walipopewa homoni za kuzidisha seli nyeupe pamoja na dawa. Matumaini yakawa makubwa. Homoni ya namna hiyo ilipojaribiwa kwa njiti 280, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba seli ziliongezeka lakini maambukizi na vifo havikupungua. Na mwaka 2011 jaribio la kingamwili lililowashirikisha watoto 3,493 wa nchi tisa lilimalizika bila ya faida yoyote kuonekana. Panya hakusema uongo. Yeye alipewa tiba kabla ya kuambukizwa au mara tu baadaye, saa ikiwa inajulikana. Bakteria walikuwa wa aina moja. Ndugu zake wote walikuwa wa ukoo mmoja na afya moja. Mtoto wa wodini hufika akiwa amekwisha kuugua kwa saa zisizojulikana, bakteria wake hawajatambuliwa, na pengine ni njiti mwenye maradhi mengine matatu. Kuuliza swali la kinga na kulifanya jibu lake kuwa jibu la tiba, huko ndiko kulikoponza.

Kuhusu mateso ya wanyama hawa sipendi kupita kimya, kwa kuwa sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba mwenye kumtesa mnyama bila haki ataulizwa. Mwaka 1959 Waingereza Russell na Burch waliandika kanuni tatu ambazo leo kamati za maadili katika nchi nyingi huzishika: asitumike mnyama palipo na njia nyingine, watumike wachache kadiri iwezekanavyo, na maumivu yapunguzwe. Kwa vitendo maana yake ni kwamba mtoto wa panya anayeonyesha dalili za kufa huuawa kwa upole badala ya kuachwa agaegae hadi mwisho. Na njia nyingine zinaongezeka. Bakteria anayetisha sana katika wodi za watoto wachanga hivi leo, Klebsiella, amekuwa sugu kwa dawa nyingi. Katika uchunguzi wa watoto 3,200 wa nchi 11, Kenya na Uganda zikiwamo, uliofanyika kati ya 2018 na 2020, yeye ndiye aliyeonekana mara nyingi kuliko wote. Kumtafutia dawa, watafiti wa Liverpool walitumia mtambo wa mirija myembamba kama unywele ambamo bakteria hukuzwa na dawa hupitishwa kwa kiasi kile kile kinachopanda na kushuka katika damu ya mtoto, na huko Kilifi dawa ya zamani iitwayo fosfomisini ikapimwa kwa uangalifu kwa watoto wachanga 120 ili kijulikane kipimo kinachowafaa. Mtambo huo, hata hivyo, hauna utumbo, wala kondo, wala mama. Kwa maswali ya namna hiyo panya bado hajapata wa kushika nafasi yake.

Nami namwomba msomaji mwenye mtoto mchanga nyumbani, au jirani mwenye mtoto mchanga, alikumbuke jambo moja ambalo maabara na wodi hazikuwahi kukhitilafiana juu yake, kwamba saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Mtoto wa chini ya miezi miwili anayeacha kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anayebonyea kifua akivuta pumzi, aliyepatwa na degedege, aliyelegea hata asijisogeze mpaka aguswe, aliye wa moto au wa baridi kupita kawaida, asisubiri asubuhi, wala asisubiri baba arudi safari: apelekwe hospitali saa ile ile.